Pikipiki inavuma hata gazi imeachwa: kitu gani cha kuangalia kwanza?

Kwenye miteremko ya Kadutu, hapa Bukavu, motari anayeachilia gazi na injini haishuke anaweza kumuua mteja wake. Wengi wanakimbilia kulegeza visi ya ralanti. Lakini mara nyingi ugonjwa uko kwingine.

Kwanza, kabo ya gazi. Toa vitesi, washa injini, geuza gidoni kushoto na kuume. Sauti ikipanda, kabo imekazwa sana ao imekaa vibaya.

Pili, mpira unaounganisha karabirateri na injini. Ukipasuka, hewa inaingilia pembeni: injini inapata hewa mingi kuliko esanse, na inazunguka mbio. Mwangia maji kidogo kwenye mpira. Sauti ikibadilika, hewa inapitia hapo. Mpira ubadilishwe.

Tatu, uchafu, zaidi kwa wanaonunua esanse ya bidoni. Unakwamisha kipande kinachopanda na kushuka ndani ya karabirateri. Fundi akifungue, akisafishe.

Ralanti inarekebishwa mwisho, injini ikiwa na moto.

Ikitokea barabarani: shika embreyaji na freni, zima kontakti, mteja ashuke. Usiendelee na safari.