T'Challa wa Nani?

Ukitaka kuwasha ubishi usiozimika kati ya wasomaji wa katuni za mashujaa za Marekani, usihangaike na swali la nani atashinda, Batman au Superman. Uliza tu nani aliyemwandika T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Kiafrika iitwayo Wakanda, vizuri kuliko wenzake wote. Watu wa Christopher Priest watakaa upande mmoja na wa Ta-Nehisi Coates upande wa pili. Hakosekani pia mzee mmoja pembeni atakayesema wote hao wamekuta meza imeshaandaliwa, kwani kazi yenyewe aliifanya Don McGregor miaka ya 1970.

Asiyezizoea katuni hizi ana haki ya kushangaa. Riwaya ina mwenyewe. Akifa, wahusika wake wanabaki alipowaacha. Kwa Marvel na DC, mhusika ni mali ya kampuni. Mwandishi huajiriwa, hukaa naye miaka miwili au mitano, kisha huondoka, na anayefuata hurithi ndoa, makovu na maadui walioachwa. Anaweza kuyaendeleza, anaweza kujifanya hayaoni, na anaweza hata kutuambia kwamba yale tuliyoyasoma hayakuwa vile tulivyodhani. Shabiki ndiye anayebaki miaka yote, kama vile mpenzi wa timu aliyeona makocha kumi wakija na kuondoka, na kwa hiyo anajiona ana haki ya kusema.

T'Challa, au Black Panther, alitokea mara ya kwanza mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Ndiye shujaa wa kwanza mweusi wa aina yake katika vitabu vya kampuni kubwa za Marekani. Oktoba mwaka huohuo chama cha harakati za Wamarekani weusi kiitwacho Black Panther kilianzishwa Oakland, na jina likaanza kuwa na uzito ambao Marvel hawakuupanga. Mwaka 1972 walijaribu kwa muda mfupi kumwita Black Leopard. Kwa miaka kadhaa alikuwa mgeni tu katika vitabu vya wenzake. Kuna kipindi mfalme huyu wa nchi tajiri kupita kiasi alikuwa akifundisha shule New York kwa jina la bandia, na nyumbani Wakanda hakuna aliyeonekana kuuliza yuko wapi.

McGregor aliuliza. Kazi yake Marvel ilikuwa kusahihisha maandishi, na mikononi mwake kilipita kitabu kiitwacho Jungle Action, kilichorudia hadithi za zamani za Wazungu wanaotamba katika misitu ya Afrika. Alilalamika, akapewa kitabu chenyewe akiandike. Kuanzia 1973 alimrudisha T'Challa kwao, katika hadithi ambayo karibu wahusika wake wote ni weusi, jambo ambalo wakati ule halikuwepo katika katuni za namna hiyo. Humo ndimo alimozaliwa Erik Killmonger, anayempiga mfalme mpaka akaishiwa nguvu na kumtupa kwenye maporomoko ya maji. Mfalme wa McGregor anaumia kweli: vazi linachanika, damu inatoka, na raia wake hawamfichi hasira zao za kukimbiwa. Ni kweli maneno yanajaa ukurasa mpaka michoro ya Rich Buckler na Billy Graham inakosa pumzi. Lakini mmoja wa vijana waliokisoma kitabu hicho alikuwa Dwayne McDuffie, aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Milestone, kampuni ya katuni ya Wamarekani weusi, mwaka 1993.

Mwaka 1976 McGregor alimpeleka T'Challa Georgia kupambana na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Kabla hadithi haijafika mwisho, kitabu kikafungwa. Kilichofuata, mwanzoni mwa 1977, ni Kirby mwenyewe kurudi na mfalme anayekimbizana na vyura wa shaba wa Mfalme Suleiman wenye uwezo wa kuvuta viumbe kutoka zama nyingine. Klan? Kimya. Ukizisoma leo bila kinyongo, kurasa zile zina mbio na vichekesho, na huwezi kumnyima mzazi ruhusa ya kucheza na mtoto wake. Ila kinyongo hakijaisha, na hakitaki kuisha.

Priest, mwandishi mweusi aliyeshika kalamu kuanzia 1998 hadi 2003 kwa matoleo 62, alikuja na ujanja ambao mashabiki wake hawajauacha kuusifia. Toleo la kwanza linafunguka na Everett Ross, ofisa Mzungu wa serikali ya Marekani, yumo chooni hana suruali, ameshika bastola, anaviziana na panya. Ndiye msimuliaji. Anaruka mbele, anarudi nyuma, anasahau, anajitetea kwa bosi wake, na mfalme tunamwona kwa macho yake hayo yaliyochanganyikiwa. Mawazo ya T'Challa hatuyasikii. Tunachokiona ni matokeo: mtego uliotegwa kurasa nyingi nyuma unafyatuka, na Ross ndiye wa mwisho kuelewa. Priest alithubutu hata kusema kwamba mfalme alipojiunga na kundi la mashujaa la Avengers miaka ile, alikwenda kuwapeleleza. Kwa pigo moja aibu ya zamani, mfalme kuacha nchi na kwenda kucheza na Wamarekani, ikageuka kuwa siasa ya hali ya juu.

Priest ndiye pia aliyewaleta Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, na miongoni mwao Nakia. Anayemjua Nakia kwa sura ya Mkenya Lupita Nyong'o, jasusi mwenye huruma na msimamo katika filamu ya 2018, akafungue vitabu vya Priest ajiandae. Nakia wa huko ni msichana mdogo anayempenda mfalme hadi kurukwa na akili, anajaribu kumuua mwanamke anayemwonea wivu, na mwisho anageuka adui aitwaye Malice. Hapa filamu ilifanya vyema kuliko kitabu, na hata wafuasi sugu wa Priest hupata kazi kumtetea kwa hilo.

Reginald Hudlin, mwongozaji filamu, aliingia 2005, akamleta Shuri, dada mdogo wa mfalme, na mwaka uliofuata akamwoza T'Challa kwa Storm, shujaa ambaye mama yake ni Mkenya. Harusi ilikuwa kubwa. Mwaka 2012 waandishi wengine wakaivunja.

Kisha akaja Coates, mwaka 2016, akitoka kushinda tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani. Maduka yaliagiza nakala zaidi ya 250,000 za toleo lake la kwanza. Humo mfalme amezungukwa na wachimba madini wake mwenyewe wenye hasira, na safari hii tumo ndani ya kichwa chake: shaka, hatia, uchovu. Wapinzani wa Coates wanasema amemfanya simba kuwa mhadhiri. Wanaomtetea wanajibu kwamba nchi yenye teknolojia kuliko zote duniani, inayompa mtu kiti kwa damu ya baba yake au kwa kupigana porini, ilihitaji mtu wa kuihoji. Hadithi yake ya kwanza inaishia kwenye katiba. Kwa kweli Coates aliiandika Wakanda vizuri kuliko Priest, na Priest alimwandika T'Challa vizuri kuliko Coates. Ubishi mwingi unatokana na watu kuyachanganya mambo hayo mawili.

Ryan Coogler alipotengeneza filamu hiyo ya 2018 hakuchagua upande. Alichukua Killmonger na maporomoko kwa McGregor, Ross na Dora Milaje kwa Priest, Shuri kwa Hudlin, akazoa zaidi ya dola bilioni 1.3. Vitabu havikusubiri. Mwaka 2021 John Ridley alimfichua T'Challa kuwa aliwapanda majasusi wa siri bila nchi yake kujua, na Wakanda ikamfukuza. Eve Ewing, aliyepokea mwaka 2023, alimkuta mfalme hana kiti na akamwacha hivyohivyo, amejificha katika mji mmoja wa nchi aliyokuwa akiitawala.