Shinden: Kasi Ambayo Haikupimwa

Vitabu vingi vinavyoitaja Shinden, ndege ya majaribio ya Jeshi la Majini la Japani, huipa kasi ya kilomita 750 kwa saa na kuihesabu miongoni mwa ndege bora za Vita vya Pili vya Dunia. Sikubaliani navyo. Kasi hiyo ni hesabu ya wahandisi tu. Shinden iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1945 huko Fukuoka, ikiongozwa na Masayoshi Tsuruno, ofisa aliyeibuni. Iliruka mara tatu tu, jumla ya dakika 45 hivi, magurudumu yakiwa nje muda wote. Ndege inayoburuza magurudumu hewani haiwezi kutuonyesha kasi yake halisi.

Ubunifu wenyewe, nakiri, ulikuwa wa hali ya juu. Injini ya Mitsubishi yenye nguvu za farasi zipatazo 2,100 iliwekwa nyuma ya rubani ikizungusha rafadha ya mapanga sita, mabawa madogo yakahamia mbele, na pua ikabaki wazi kwa mizinga minne ya milimita 30 ya kuangushia ndege za mabomu za Marekani aina ya B-29. Lakini kila faida ilikuja na gharama yake. Injini iliyo nyuma hupata joto kupita kiasi ndege ikiwa bado chini. Katika jaribio la awali la kuruka, pua ilinyanyuka mno, rafadha ikagonga ardhi, ikabidi vigurudumu vidogo vifungwe chini ya mapezi ya nyuma. Hewani, nguvu ya rafadha ikawa inaivuta ndege upande wa kulia.

Watetezi wake husema umbo hilo lilikwisha kuthibitishwa mwaka 1943 kwa ndege ndogo zisizo na injini. Ni kweli, ila zilithibitisha utulivu katika mwendo wa polepole. Kuhusu joto la injini na mtetemo wa rafadha hazikusema lolote. Wengine husema kila ndege mpya huanza na kasoro. Sawa kabisa, na ndiyo maana huhitaji muda: Zero, ndege ya kivita ya Japani, iliruka Aprili 1939, ikaingia vitani mwaka uliofuata. Shinden iliagizwa itengenezwe kwa wingi mwaka 1944, kabla haijaruka hata mara moja, kwa sababu Japani haikuwa tena na muda wa kungoja.

Japani ilisalimu amri tarehe 15 Agosti 1945, siku kumi na mbili baada ya safari ya kwanza. Ile kasi ya kilomita 750 hakuna rubani aliyewahi kuifikia.