Nilidhani ni kiburi, kumbe mume wangu anaumwa mara mbili

Miezi minne baada ya mume wangu kutoka hospitali, nilikuta vidonge vyake vya presha ndani ya foronya. Nilikuwa nabadilisha mashuka, nikasikia vitu vinagonga sakafuni kama punje za mahindi. Nikakaa pembeni ya kitanda nikavihesabu. Ishirini na tatu. Vingine vilikuwa vimelainika na kukauka tena, maana alikuwa anavitema mara tu nikitoka chumbani na glasi ya maji.

Kwa kweli nilichofanya kwanza ni kugomba. Nilimwambia hana shukrani, nikamwambia mimi ndiye ninayekopa hela za hizo dawa. Aliniangalia tu. Halafu, kwa ule ulimi wake mzito, akasema, "Nilitaka kukupumzisha, mama."

Msomaji wangu, neno lile sijalisahau.

Sisi tunaishi Pasiansi, hapa Mwanza, mahali ambapo ndege zikishuka kwenda uwanjani unaacha kuongea mpaka zipite. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za boti pale Mwaloni, Kirumba. Wenye mitumbwi ya dagaa walikuwa wanamgongea hata saa nane usiku, na yeye anaamka anacheka. Alikuwa na umri wa miaka 51. Presha alijua anayo, ila dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya, akipata nafuu anaacha. Wangapi mnafanya hivyo?

Jumapili moja ya Machi 2022, alfajiri, alikwenda kunawa uso na kopo likamponyoka. Nilipotoka nje mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia vinaning'inia. Jirani akasema ni upepo mbaya, tusimpeleke hospitali kwanza, atafutwe mzee wa kumsomea. Tulipoteza saa tatu nzima kwenye mjadala huo. Leo mtu akiniuliza, namwambia kiharusi hakisubiri kikao cha ukoo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, tafuta usafiri hapo hapo.

Alilazwa wiki mbili, akaruhusiwa. Tulifundishwa kumgeuza, kumwogesha, kumnyoosha mguu, tukapewa na karatasi ya mazoezi. Kuhusu moyo wake hakuna aliyetuambia kitu.

Mwezi wa kwanza alikuwa anajitahidi. Wa pili akaanza kusema kesho. Wa tatu akageukia ukutani. Chakula anasema hakina ladha, hata sato wa kuchemsha aliyekuwa anampenda kuliko mimi (hilo nasema kwa utani, lakini si sana). Anaamka saa tisa usiku anakodoa macho mpaka kunakucha. Rafiki zake wa Mwaloni wakija ananiambia niseme amelala. Siku moja wakamletea mashine ndogo wamuulize tu inaumwa nini, akaomba iondolewe mbele ya macho yake. Akaanza kunitajia marehemu Mzee Small, yule mchekeshaji wetu aliyeugua kiharusi na kufariki mwaka 2014. "Hata yeye alikwenda hivi hivi," anasema, basi anafunga mjadala.

Na chumbani je? Nitasema, maana gazeti hili ni la watu wazima. Alihamia pembeni kabisa ya kitanda. Nikimshika mkono, hata ule mzima, anautoa. Nikajiuliza kama ananichukia, nikajiuliza kama kuna mwanamke alikuwa naye huko nje ndiye anayemkumbuka. Wivu juu ya mgonjwa wa kupooza, jamani! Lakini ndivyo akili inavyokwenda ukiwa hulali. Wifi yangu naye akawa anasema kaka yake amedeka, na mimi ndiye ninayemdekeza.

Kuna jambo jingine lililotuchanganya. Tulipata msiba mtaani, wanaume wakaja nyumbani kumpa taarifa, yeye akaangua kicheko. Kicheko kikubwa, huku machozi ya aibu yanamtoka. Kesho yake redio inatangaza matokeo ya mpira akalia kama mtoto, na timu yake ilikuwa imeshinda. Watu wakasema amerukwa na akili, tumpeleke kwa mganga.

Baada ya vile vidonge vya kwenye foronya ndipo nilipomfuata dada mmoja muuguzi tunayesali naye. Nilitaka anisaidie kumtisha ameze dawa. Hakumtisha. Alivuta kigoda, akamsalimia kama mtu anayemheshimu, akamuuliza maswali mawili. Je, katika wiki mbili hizi umekuwa hupendezwi na mambo uliyokuwa unayapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Mume wangu akajibu ndiyo, ndiyo. Halafu akamuuliza la tatu, ambalo mimi nisingethubutu: umewahi kufikiria kufa, au kujiua? Nilitaka kumziba mdomo. Nilidhani ukimuuliza mtu hivyo unampa wazo. Kumbe wazo analo tayari, na akiulizwa kwa upole anatua mzigo. Mume wangu alilia nusu saa, na safari hii kilikuwa kilio chenye sababu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sonona, na baada ya kiharusi unampata karibu mtu mmoja kati ya watatu, hasa katika mwaka wa kwanza. Daktari wa magonjwa ya akili alitueleza kwamba kuna mambo mawili yanayokutana. Kwanza, kiharusi ni jeraha la ubongo, na ubongo ndio huo huo unaoendesha furaha, usingizi na hamu ya kula. Pili, mtu amepoteza kazi, mkono, sauti na heshima yake kwa asubuhi moja. Nani asingehuzunika? Ila huzuni ya kawaida hupungua siku zikienda. Hii haikupungua, ilimnyima mazoezi na dawa, na mgonjwa wa kiharusi mwenye sonona yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko asiye nayo. Kile kicheko cha msibani nacho si wazimu. Ni njia za ubongo zinazozuia kilio na kicheko zimeumia, kwa hiyo breki hazishiki. Hali hiyo inatokea hata kwa mtu asiye na sonona.

Nilishangaa sana niliposikia habari za Kirk Douglas, yule mwigizaji wa Marekani wa filamu za zamani. Alipata kiharusi mwaka 1996, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2002 alieleza jinsi alivyojiwekea bastola mdomoni. Mwanaume tajiri, mwenye jina dunia nzima! Akapona huzuni ile, akaishi mpaka 2020, akiwa na miaka 103. Nilimsimulia mume wangu. Akasema, "Yeye alikuwa na hela." Nikamwambia ndiyo, na alitaka kufa vile vile.

Hapa kwetu kiharusi si ugonjwa wa wazungu wala wa matajiri. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya karibu 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Dar, na karibu 109 huko Hai. Sasa chukua theluthi moja ya watakaobaki hai, uwaze wangapi wamegeukia ukutani wakiambiwa wana kiburi.

Mume wangu alianzishiwa dawa ya sonona. Tuliambiwa mapema isije ikatukatisha tamaa: haifanyi kazi kama dawa ya kichwa, inachukua wiki kadhaa, na haiachwi ghafla. Tuliambiwa pia isingemrudishia mkono. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa uliwapa watu matumaini kwamba fluoksetini inarudisha nguvu za viungo, lakini utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, haukuona hivyo. Uliona sonona imepungua, na mifupa iliyovunjika imeongezeka kidogo. Kwa hiyo niliondoa zulia na ndoo zote njiani asije akaanguka. Dawa zake zote nilianza kuzitunza mimi, namsubiri ameze, tunaongea kidogo, ndipo natoka.

Maongezi nayo yalikuwa tiba. Kila Alhamisi tulikwenda kuonana na mshauri, wakati mwingine pamoja, wakati mwingine kila mtu peke yake. Huko peke yangu ndiko nilikogundua kwamba na mimi nilikuwa nimekonda, sicheki, nalia chooni. Dada unayeuguza, usijidanganye kuwa wewe ni chuma. Niliita wifi yangu nikamwambia Jumamosi ni zamu yako, na sikuomba samahani.

Mkono wa kulia haujarudi vizuri hadi leo. Anatembea na fimbo, mpaka barabarani na kurudi. Siku mbaya bado zipo, hasa mvua ikinyesha na ziwa likichafuka, maana hizo ndizo siku alizokuwa na kazi nyingi. Usiku amerudi katikati ya kitanda. Mengine nayaacha.

Mwezi uliopita vijana wawili wa Mwaloni walileta tena mashine. Nikajiandaa kusema amelala. Akaniita kutoka uani nimpelekee kigoda, akakaa, akaanza kuwaelekeza kwa fimbo: fungua hapo, si hapo, hapo. Mmoja akachukua spana isiyo saizi. Mume wangu akamtukana tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, na mimi nikarudi jikoni kuongeza unga kwenye ugali, maana wageni walikuwa wanakaa.