Kitalu cha Miche Chiola
Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta Nachingwea, wakafyeka pori ili walime karanga za mafuta. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Leo zao kuu la ukanda huu wa Nachingwea, Chiola na Ruangwa ni korosho, na biashara ya kuotesha miche inaweza kuanzia uani, chini ya kichanja cha nyasi.

Kazi huanza na ndoo ya maji: mbegu inayoelea hutupwa, inayozama hupandwa. Mche ukishapata nguvu hubebeshwa kikonyo kutoka mti mama bora. Hapo ujanja hausaidii. Vikonyo visivyojulikana asili yake humtia mkulima hasara ya miaka. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimezalisha aina bora za mikorosho, na ni busara kuanzia huko.

Udongo hauhitaji mbolea ya dukani. Udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vyatosha. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Tatizo gumu ni viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 haikugusa vifungashio vya kilimo, kwa hiyo viriba vilivyochanwa huishia shambani. Mwenye kitalu anaweza kuwaomba wateja wavirudishe, na mipapai, isiyokaa kitaluni muda mrefu, akaiotesha kwenye vikapu vya majani ya migomba.

Pembeni aoteshe mininga pia. Wanunuzi watakuwa wachache, lakini miti hiyo inakatwa kwa kasi kubwa kuliko inavyopandwa.