Si Kila Joto ni Malaria

Mwaka jana alinijia mama mmoja anayeuza chakula jirani na stendi, daftari lake la matibabu limejaa hadi jalada la nyuma. Nililipitia ukurasa kwa ukurasa. Ndani ya miezi minane alikuwa ameandikiwa dawa mseto ya malaria mara nne na vidonge vya UTI mara tatu. Vipimo vya malaria alivyofanyiwa vilikuwa viwili tu, na vyote viwili viliandikwa “hasi”. Juu ya kila ukurasa umeandikwa umri wake, miaka 49. Hakuna mahali ambapo mtu aliandika kwamba amemwuliza habari za siku zake.

Nikamwuliza. “Dada, mara ya mwisho umeziona lini siku zako?”

Akacheka kwa aibu, akautazama mlango kama umefungwa. “Hizo zilishaanza kunikimbia, dada nesi. Zilikuja mwezi wa kwanza, zikaja tena wa nne, basi.”

Tukiwa tunaongea, joto likampanda. Niliona kwa macho yangu: lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi usoni, vitone vya jasho vikatokeza juu ya mdomo na kwenye paji la uso, naye akaivuta kanga aliyojitanda akawa anajipepea kwa pindo. Hazikupita dakika tatu. Mara akaanza kusikia baridi, akajifunika kanga ileile mpaka masikioni. “Ndiyo homa yangu hii,” akasema. Kipimajoto nilichomwekea kwapani kilisoma 36.8.

Mimi ni muuguzi mkunga, na nimefanya kazi hii miaka mingi kiasi kwamba wasichana niliowapokea duniani nawapokelea watoto wao. Madaftari kama lile nimeyaona mengi mno. Kila nikiliona huniuma, maana ugonjwa ulioandikwa humo haupo, na kilichopo hakikuandikwa.

Sisi wa pwani tumezoea kumwekea mwanamke mtu wa kumpokea katika kila hatua. Msichana akivunja ungo, kungwi yupo. Akiolewa, kungwi yupo tena. Akijifungua, wazee wa nyumba watamkanda kwa maji ya moto hadi arobaini yake itimie. Mimi mwenyewe nilifundwa, na mengi ya siku zile nayakumbuka hadi leo. Ila hakuna aliyeniambia kwamba damu ile iliyopokelewa kwa vigelegele siku moja itaondoka, wala itaondokaje. Hospitalini nako ni hivyohivyo. Mlango wa chumba changu umeandikwa “Mama na Mtoto”. Mwanamke aliyemaliza kuzaa akisoma kibao hicho anaona hakimhusu, anakwenda zake kupanga foleni ya homa.

Basi tuanze na kinachotokea mwilini. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, kati ya milioni 1 na milioni 2. Akivunja ungo hubaki kama 300,000 au 400,000. Kwa kawaida kila mwezi hupevuka moja, na mengine mengi hunyauka bila hata kupevuka, awe amezaa watoto kumi au hajazaa kabisa. Akiukaribia mwaka wa 50 akiba imekauka, na pamoja nayo hupungua homoni ya estrojeni ambayo vifuko vya mayai vilikuwa vikiitengeneza. Wanawake walio wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayefika kabla ya miaka 40 anahitaji kuonwa na daktari bila kungoja.

Haitokei kwa siku moja. Fikiria kibatari kinachoishiwa mafuta: mwali unaruka juu, unafifia, unaruka tena, ndipo unazimika. Estrojeni nayo hupanda na kushuka namna hiyo kwa miaka kadhaa, na miaka hiyo ya kuyumba ndiyo yenye taabu. Siku zinaweza kuja mara mbili kwa mwezi, au kuja nyingi hadi mtu anaogopa kukaa kwenye kiti cha watu, kisha zikapotea miezi mitatu. Tunasema mwanamke amekoma hedhi pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila tone. Yule mama wa stendi alikuwa bado yumo njiani.

Na lile joto? Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ndiyo inayolinda joto la mwili. Kwa kawaida ina uvumilivu: joto la ndani likipanda kidogo au kushuka kidogo, inanyamaza. Estrojeni ikipungua, seli fulani za pale hukosa utulivu na uvumilivu ule husinyaa. Kitu kidogo tu, kikombe cha chai, moshi wa jiko, hasira, shuka nzito, na ubongo unaona mwili unaungua. Unaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Jasho linapoza mwili kupita kiasi, ubongo unaona sasa ni baridi, mtu anatetemeka. Joto, jasho, kutetemeka: mtu yeyote aliyekulia kwenye mbu atasema ni malaria. Simlaumu aliyesema hivyo. Ninachomlaumu ni kutoa dawa mara nne kwa vipimo viwili tu, tena vyote vimekataa.

Tofauti zipo, na unaweza kuzijua ukiwa nyumbani. Joto la kukoma hedhi hukaa dakika chache likaondoka, likarudi baadaye, na mara nyingi kipimajoto hakioni kitu. Homa ya malaria hukaa saa nyingi, inakuja na kichwa kuuma, viungo kuvunjika, pengine kutapika. Sikuambii upuuze homa. Tunaishi palipo na mbu, kapime kila ukiwa na shaka. Lakini kipimo kikisema hakuna vimelea, usimeze dawa ya vimelea. Na ukiwa unatota jasho usiku, huku unakohoa kwa wiki mbili au unapungua mwili, hilo ni jambo lingine kabisa: kapime kifua kikuu, upime na VVU.

Bibi zetu walisema vumilia, litapita. Kupita linapita, lakini baada ya muda gani? Marekani upo utafiti uitwao SWAN ulioanza mwaka 1996, ukawafuata maelfu ya wanawake miaka nenda rudi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa nusu ya wale waliosumbuliwa sana na joto, hali ilidumu zaidi ya miaka 7.4. Kwa wanawake Weusi katika utafiti huo ilikuwa miaka 10.1. Miaka kumi si kitu cha kumwambia mtu avumilie halafu ukaita mwingine.

Kinachoniuma zaidi ya joto lenyewe ni jinsi linavyomvunja mtu. Mwanamke anayeamka mara nne usiku kwa sababu shuka limelowa, kesho yake ana hasira, anasahau, na machozi yako karibu. Yule mama alikuwa na sifa ya kupiga hesabu za wateja sita kichwani huku anapakua wali. Sasa akawa anakosea chenji. Aliamini amerogwa, na aliniambia kwa sauti ya chini jirani aliyemshuku. Alikuwa mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa kwa miaka saba. Akaurudisha ufunguo wa sanduku akisema amechoka. Hakuchoka na kikundi. Aliogopa siku moja hesabu itapelea na jina lake liingie matatani. Wanawake wangapi wameacha duka, uongozi, hata kwaya, wakiamini akili imekwisha, kumbe ni usingizi uliokwisha? Usahaulifu wa kipindi hiki kwa wengi hutulia usingizi ukirudi na homoni zikiacha kuyumba.

Na yule mama tulianza na usingizi. Kitanda akakisogeza dirishani chini ya chandarua, godoro akalifunika kitenge cha pamba badala ya lile shuka la nailoni, chai ya usiku akaiacha. Jikoni alimpa binti yake zamu ya kukaranga, yeye akakaa upande wa kupakua. Ni mambo madogo, lakini baada ya wiki tatu alikuwa anaamka mara moja tu usiku.

Kwa wengine hayo hayatoshi, na dawa zipo. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ya kurudisha homoni yenyewe. Mwaka 2002 utafiti mmoja mkubwa wa Marekani ulisitisha sehemu yake ya mchanganyiko wa homoni mbili, ukisema unaongeza saratani ya matiti, na hofu ikaenea dunia nzima. Ongezeko lenyewe lilikuwa kama wanawake 8 zaidi kati ya 10,000 kwa mwaka, na washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63. Leo madaktari wanakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome hedhi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Haimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, damu kuganda, au kiharusi, wala anayetokwa na damu isiyojulikana sababu. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Kwenye zahanati hutazikuta. Omba rufaa kwa daktari wa wanawake, wala usinunue kwa kuelekezwa na shoga yako.

Jambo la chumbani watu hulisema wakiwa wameshika kitasa cha mlango wanatoka. Estrojeni ikipungua, ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba na kavu, na tendo linauma. Mke anakwepa, mume anadhani ameshachokwa, na nyumba inapoa. Yapo majimaji maalumu ya kulainisha yanayouzwa maduka ya dawa, na ipo krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo inayosaidia sana. Ninachokuomba kwa mikono miwili, dada yangu, usijifukize, usijiingizie shabu wala dawa za kubana. Ngozi iliyokonda tayari unaichoma. Na usitupe uzazi wa mpango mapema: mimba bado inawezekana hadi upitishe mwaka mzima bila hedhi ukiwa na miaka 50 na kuendelea, miaka miwili ukiwa chini ya hapo.

Mifupa haina kelele. Katika miaka mitano hadi saba inayozunguka kukoma hedhi mwanamke anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mifupa yake, asijue mpaka ateleze bafuni. Kinachoisaidia ni dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, jua la asubuhi, kutembea, kubeba, kutwanga. Presha nayo hupenda kuanza umri huu, basi ipime kila unapopita kituoni.

Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa ukimya, hata doa moja, usishangilie kwamba ujana umerudi. Nimewahi kumwona mama aliyeshangilia miezi mitano. Inaweza kuwa ukavu tu, inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi, ambayo hapa Tanzania ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Nenda wiki hiyohiyo. Na uchunguzi wa shingo ya kizazi usiuache kwa kuwa umemaliza kuzaa. Kipimo cha kupaka siki ni dakika chache na majibu unatoka nayo.

Ukiingia kwa daktari au kwa mkunga, usianze na “nina homa”. Sema hivi, na uandike kabisa kwenye daftari kabla hujatoka nyumbani: “Nina miaka 48. Mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa mwezi wa nne. Joto linanipanda mara sita kwa siku, linakaa dakika tatu. Usiku naamka mara nne. Malaria nimepima, hakuna.”