Uvimbe Wenye Kiu

Newala inajua kiu: maji yako mabondeni, watu wako juu ya uwanda wa Makonde, lazima yasukumwe kwa pampu. Uvimbe wa saratani nao ukikua, katikati yake oksijeni hupungua. Seli nyingi hufa humo. Zinazobaki huvunja sukari bila oksijeni na kutoa kemikali zinazovuta mishipa mipya ya damu. (Sisi wa falsafa tungependa kusema zimekusudia. Hapana, zilizoshindwa zimekwisha kufa.) Ugunduzi wa jinsi seli zinavyohisi oksijeni uliwapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Ugumu ni kwamba mionzi huua vizuri zaidi penye oksijeni. Mama wa Masasi aliyekaa miezi na uvimbe wa titi akijaribu mitishamba anaweza kufika Ocean Road, Dar es Salaam, na seli zilizokwisha kuzoea dhiki.