Rangi ya Gari Ikibambuka, Usikimbilie Msasa

Rangi ya gari inapoanza kubambuka kwenye boneti au paa, wenye magari wengi humwita fundi siku hiyo hiyo. Kwa gari lililo bado chini ya waranti, hapo ndipo madai huharibika, maana msasa huondoa ushahidi.

Gari hupakwa praima, rangi yenyewe, kisha tabaka la juu linalong'aa na kuikinga dhidi ya jua. Rangi inayotoka kama maganda, bila alama ya kugongwa, mara nyingi huonyesha kwamba matabaka hayakushikana vizuri tangu kiwandani au gereji. Michubuko ya mawe na madoa ya kinyesi cha ndege kwa kawaida hayamo katika waranti. (Kivuli cha mwembe huzuia jua, ila ndege nao wamo.)

Mwenye gari apige picha zenye tarehe, kisha amwandikie muuzaji barua na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Simu pekee haitoshi. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hayana tena waranti ya kiwanda. Lakini gereji iliyopiga rangi upya inawajibika kwa kazi yake, hivyo risiti itunzwe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Muuzaji akikataa, malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo hata bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.